Kata korosho uione: namna ya kumsoma mpiga kura huru wa Marekani

Novemba 2012 niliwaambia watu wa barazani kwetu Mikindani kwamba Rais Obama wa Marekani, wa chama cha Democratic, anashindwa. Sikubahatisha. Nilikuwa nimesikiliza redio wiki mbili mfululizo, daftari mkononi, na habari moja ilijirudia kila siku: wapiga kura huru wanamwelekea mpinzani wake, Mitt Romney wa Republican. Nikapiga hesabu ambayo mtu yeyote angepiga. Wa Republican watampa wa kwao, wa Democratic watampa wa kwao, waamuzi ni wa katikati, na wa katikati wako kwa Romney. Nikaona kazi imekwisha.

Obama alipata kura 332 za wajumbe, Romney 206 (kule rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa kila jimbo). Na habari niliyoisikia haikuwa ya uongo. Watu waliohojiwa wakitoka vituoni, wale waliojiita huru, walimpa Romney asilimia 50 na Obama 45. Nilichosikia kilikuwa sahihi, nilichokisema kikawa kosa. Hilo liliniuma, kwa sababu mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho. Kazi yangu yote ni kutoliamini gunia kwa kulitazama nje. Nilikuwa nimefanya kwenye kura za watu kosa ambalo ghalani nisingelifanya hata nikiwa na homa.

Tangu hapo nimejitengenezea njia ya kusoma uchaguzi wa Marekani. Juzi mpwa wangu alikuja, tukasalimiana, akakaa, akasema, "Mjomba, niandikie hatua kwa hatua, niwe nayo kabla ya Novemba." Uchaguzi wao ujao wa Bunge ni tarehe 3 Novemba 2026. Nimemwandikia yeye, na yeyote mwingine anayekesha na redio.

Anza na neno

Neno huru sisi tumelipata na Desemba 1961. Limebeba mwenge juu ya Kilimanjaro. Kwa hiyo mtangazaji akisema "mpiga kura huru", mtu wa kwetu anamwona Mmarekani aliyesimama katikati, anawasikiliza wote wawili kwa utulivu, kisha anaamua kwa akili yake. Ndivyo nilivyomwona mimi mwaka 2012.

Barazani tumeliacha neno hilo. Tunawaita wasiojitaja. Mtu kaulizwa wewe ni wa chama gani, hakutaja. Jina hili halimsifu wala halimlaumu, linaeleza alichofanya na basi. Fanya hivyo na wewe kwenye daftari lako: kila redio inaposema huru, andika "asiyejitaja". Utashangaa jinsi sentensi nyingi zinavyopungua uzito. "Wapiga kura huru wataamua uchaguzi" inakuwa "wasiojitaja chama wataamua uchaguzi", na papo hapo unajikuta unauliza: hawakujitaja, sawa, lakini huwa wanampa nani?

Iweke kando kadi

Kwetu chama ni kadi, ada, tawi, balozi wa shina anayejua nani kalala wapi. Ukisema fulani ni CCM, au fulani ni ACT, unasema jambo lenye karatasi. Kule hakuna karatasi. Mtu anapojiandikisha kupiga kura, katika majimbo mengi fomu inamwuliza chama. Anatia alama kwenye kisanduku, anaendelea. Halipi ada, haitwi kikaoni, wala hakuna kamati ya maadili ya kumfukuza. Siku ya uchaguzi mkuu anaweza kumpa wa chama kingine na hakuna wa kumhoji. (Jimbo ninalosema hapa ni kama mkoa wenye serikali na sheria zake kamili, si jimbo la uchaguzi kama Mtama au Nanyumbu.)

Na yapo majimbo ambayo fomu haiulizi chama kabisa: Texas, Georgia, Michigan, Wisconsin, Virginia, Minnesota. Ukisikia kwamba asilimia fulani ya watu wa Michigan ni Democratic, ujue hiyo imetoka kwenye mahojiano ya simu au ya intaneti. Hakuna daftari la serikali lenye habari hiyo.

Hata pale penye daftari, usilikimbilie. Kentucky imempa mgombea urais wa Republican kura zake katika kila uchaguzi tangu mwaka 2000. Lakini waliojiandikisha kama Republican walikuja kuwazidi walioandikishwa Democratic mwaka 2022 tu. Zaidi ya miaka 20 daftari lilisema hivi na sanduku likasema vile. Watu walijiandikisha ujanani, kama baba zao, wakaenda zao na maisha. Hawakuona haja ya kurudi ofisini kubadili kisanduku.

Uliza swali la pili

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Gunia la korosho likifika ghalani, kitu cha kwanza unachokiona ni ganda. Ganda linaweza kuwa zuri, kubwa, la rangi ya kijivu inayong'aa, na ndani kiini kimeoza au hakijajaa. Kwa hiyo tunachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea, tunatoa sampuli, tunapima unyevu, halafu tunazikata korosho katikati, moja moja, na kupima uzito wa kiini kizuri. Mnunuzi anayejua kazi hanunui ganda, anataka kujua kukata kumesemaje.

Kumwuliza Mmarekani "wewe ni Republican, Democratic au huru?" ni kutazama ganda. Mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Gallup iliwauliza hivyo, na asilimia 43 wakasema huru. Republican asilimia 27, Democratic asilimia 27. Mtu akisoma hapo akaishia hapo, anaona nchi yenye kundi kubwa kuliko chama chochote kati ya viwili, kundi linalosubiri kushawishiwa. Magazeti mengi huishia hapo.

Kukata ni swali la pili. Yule aliyesema huru anaulizwa tena: sawa, lakini kwa siku hizi unaegemea zaidi upande gani? Kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha majibu ya namna hiyo mwaka 2019. Katika kila Wamarekani 100, kama 38 walijiita huru. Walipoulizwa swali la pili, 17 walisema wanaegemea Democratic, 13 Republican. Waliobaki bila kuegemea popote walikuwa 7 (tarakimu zimesawazishwa, ndiyo maana jumla haifiki 38 kamili).

Saba. Kutoka 38.

Na wale wanaoegemea, ukifuatilia kura zao uchaguzi hadi uchaguzi, hawayumbi kama ambavyo jina lao linaahidi. Wasomi wa siasa wa Marekani wamelionyesha hili tangu zamani: anayesema "mimi huru ila naegemea Democratic" humpa mgombea wa Democratic karibu sawa na yule anayesema waziwazi "mimi ni Democratic ila si sana". Halafu wale saba wa kweli, wasioegemea popote, ndio wanaofuatilia siasa kidogo zaidi na kujitokeza vituoni kidogo zaidi. Yule Mmarekani wangu wa 2012, mtulivu, anayesikiliza wote wawili na kupima, yupo, sikatai. Ila ni wachache mno kubeba jina la kundi zima.

Mpwa wangu aliniuliza swali zuri hapa. "Sasa mjomba, kama anawapa wale wale kila mwaka, kwa nini asiseme?"

Nikamkumbusha 2015, jimbo letu la Mtwara Mjini lilipokwenda CUF. Alikuwepo jirani ambaye ukimkuta msibani au sokoni anakwambia hana chama, vyama vyote vya nini, watu wagombane tu. Lakini mtaa mzima ulijua kura yake inakwenda wapi, na haikuwa siri ya kumdhuru mtu. Alikuwa hapendi kuhesabiwa pamoja na wapiga kelele. Watafiti wa kule wameona jambo la jinsi hiyo: watu wengi wanaona aibu kuhusishwa na ugomvi wa vyama, kwa hiyo wanakataa jina, ila kura haibadiliki. Na kinachowashika hasa mara nyingi si mapenzi kwa chama chao. Ni kukichukia kile kingine. Mtu anaweza kukilaumu chama chake kutwa nzima na bado akakipa kura, kwa sababu akifikiria upande wa pili unashika madaraka usingizi unamruka.

Sasa nirudi 2012, maana deni lile lazima nililipe kwa hesabu. Chukua mabaki ya karatasi, uandike nami.

Tuseme wapiga kura ni 100. Wanaojiita Democratic 40, Republican 40, wasiojitaja 20. Katika wasiojitaja, kumi humpa Democratic, kumi Republican. Jumla ni 50 kwa 50. Sasa Republican sita wanakasirishwa na viongozi wa chama chao, wanasema sisi si Republican tena, sisi huru. Kura zao hawajazibadili. Chungu cha Republican kimebaki na 34. Chungu cha wasiojitaja kimekuwa 26, na ndani yake kumi wa Democratic, kumi na sita wa Republican. Redio inatangaza: mgombea wa Republican anaongoza kwa mbali kati ya wapiga kura huru! Ni kweli, kumi na sita kwa kumi. Na jumla bado ni 50 kwa 50. Umehamisha kilo kutoka turubai hili kwenda turubai lile, mzani mkubwa haujasogea.

Miaka ile kabla ya 2012 Warepublican wengi wenye msimamo mkali walikuwa wamekasirishwa na chama chao namna hiyo hiyo, na wakajiita huru. Ndiyo maana Romney aliweza kushinda kati ya wasiojitaja na kushindwa uchaguzi. Na hakuwa wa kwanza: 2004 John Kerry aliwapata wasiojitaja kwa tofauti ndogo, George W. Bush akarudi Ikulu. Mwaka 2024 Kamala Harris aliongoza kidogo kati yao kwenye mahojiano ya vituoni, na Donald Trump akapata kura 312 za wajumbe dhidi ya 226.

Piga bambo mara ngapi?

Kabla hujaandika takwimu yoyote ya wasiojitaja, tafuta idadi ya waliohojiwa. Utafiti wa kawaida wa taifa huwa na watu kama elfu moja. Kwa watu elfu moja, jibu linaweza kupotoka kama pointi tatu juu au chini kwa bahati tu, na hilo linavumilika. Lakini wasiojitaja kati yao labda ni 400, na upotokaji unakaribia pointi tano. Ukiwachukua wale wasioegemea kabisa, unabaki na watu kama 70 au 100, na hapo bahati peke yake inaweza kukupeleka pointi kumi huku au kule.

Kwa hiyo mtangazaji akisema "wapiga kura huru wamehama kwa pointi nne ndani ya wiki", usiandike kwa wino. Hakuna karani atakayechoma bambo magunia matatu katika lori zima halafu akapanga daraja.

Uliza anaishi wapi

Kwanza nitoe nje tatizo la lugha, maana limewapoteza wengi. Sisi tukisema "kura za maoni" tunamaanisha mchujo ndani ya chama, ule wa wajumbe, uliozaa ile kauli ya 2020 kwamba wajumbe si watu. Redio za nje zikisema "kura ya maoni" mara nyingi zinamaanisha utafiti wa kuuliza watu. Andika "mchujo" kwa hili na "utafiti" kwa lile, utapumua.

Mchujo wa Marekani haufanywi na wajumbe ukumbini. Mara nyingi unaendeshwa na serikali ya jimbo, vituo vile vile, na wapiga kura wa kawaida. Na hapa ndipo kujitaja au kutojitaja kunapokuwa na bei. Florida, New York na Pennsylvania wamefunga mlango: kama hukujiandikisha katika chama, mchujo wa chama hicho haukuhusu, kaa nyumbani. New Hampshire asiyejitaja anafika kituoni, anachagua karatasi ya chama anachotaka siku hiyo, anapiga. Wisconsin na Michigan kila mpiga kura huchagua mchujo wa kuingia, hakuna anayeulizwa ukoo. California, kwa Bunge na ugavana, wagombea wote wanawekwa kwenye karatasi moja, wawili wa kwanza wanasonga mbele hata wakiwa wa chama kimoja. Alaska, tangu 2022, wanasonga wanne.

Kwa nini nikusumbue na haya? Kwa sababu kuna sehemu nyingi kule ambako chama kimoja hakishindwi, na mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Wewe mwenyewe unajua majimbo ya kusini hii ambako aliyepita kura za maoni za chama alianza kushukuru wananchi kabla ya kampeni. Katika sehemu kama hiyo, penye mlango uliofungwa, mtu mwenye akili anaweza kujiandikisha chama asichokipenda ili tu apate sauti. Na penye mlango wazi hana sababu ya kujiandikisha popote. Idadi ya wasiojitaja wa Florida na ya wa New Hampshire hazilingani kwa maana, hata zikilingana kwa tarakimu.

Jingine la California, nalo ni la kusikitisha. Kipo chama kinaitwa American Independent Party, kilichoanzia kwa George Wallace, mgombea wa 1968 aliyetetea ubaguzi wa rangi. Maelfu kwa maelfu ya watu wa California wamejiandikisha humo wakidhani wanatia alama ya kutokuwa na chama, kwa sababu ya lile neno kwenye jina. Wakiambiwa msimamo wa chama chenyewe wanashtuka. Kisanduku sahihi kwao kimeandikwa maneno mengine kabisa.

Uaminifu wa chama hurithiwa, na huhama polepole

Sisi huku wengi tunazaliwa ukoo wa mama. Hukuuchagua, na hata ukigombana na wajomba zako bado ni wa kwao. Kwa Wamarekani wengi chama kilianza hivyo hivyo, mezani kwa wazazi. Kusini mwa nchi yao walikuwa na msemo kwamba wangempa kura hata mbwa wa njano, mradi asimame kwa tiketi ya Democratic. Umewahi kuusikia wa kwetu: hata wakisimamisha jiwe. Ni msemo ule ule, bahari mbili zimeutenganisha.

Chanzo cha uaminifu ule wa kusini kilikuwa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Abraham Lincoln, aliyewashinda na kukomesha utumwa, alikuwa Republican, na wazungu wa kusini hawakumsamehe yeye wala chama chake kwa karibu miaka mia. Jimbo la Georgia halikuwahi kumpa mgombea urais wa Republican ushindi hata mara moja mpaka 1964, mwaka ambao Rais Lyndon Johnson, wa Democratic, alisaini sheria ya haki za raia. Tangu hapo wazungu wa kusini walianza kuhama. Lakini walihama kwa kupunga mkono mmoja: urais wanampa Republican, sherifu (mkuu wa polisi wa kuchaguliwa) na diwani wanaendelea kuwapa Democratic, miaka ishirini, thelathini. Baba akibaki, mtoto akijiita huru, mjukuu akiwa Republican kamili. Huyo wa katikati, anayejiita huru, mara nyingi ni mtu aliye njiani. Ukimkuta, uliza katoka wapi.

Linganisha na Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga. Pwani hii, Kilwa mpaka huku, watu walibadili kadi ndani ya siku chache, kwa sababu uaminifu wao ulikuwa kwa nahodha. Huwezi kuusoma uhamaji wa Georgia kwa mwendo huo. Kule hutazami wiki, unatazama vizazi.

Mgombea asiye na chama ni habari nyingine

Usichanganye mpiga kura asiyejitaja na mgombea binafsi. Kwetu huyu wa pili hayupo kisheria: Katiba inataka mgombea awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki hiyo mahakamani tangu miaka ya tisini, Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema haki imevunjwa. Amefariki 2015, na sheria iko palepale. Kila nikifika sehemu hii ya maelezo barazani kimya huingia kidogo, maana watu wanaona wazi kwamba tunajadili mlango wa jirani wakati wetu umefungwa. Mimi naamini ulipaswa kufunguliwa siku ile ile ya hukumu.

Marekani mlango uko wazi, lakini ngazi ni ndefu. Mwaka 1992, mwaka ule ule sisi tuliporudi kwenye vyama vingi, tajiri wa Texas, Ross Perot, alisimama peke yake akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Kura za wajumbe alipata sifuri, kwa sababu karibu kila jimbo humpa mshindi wake kura zote, na yeye hakuongoza jimbo hata moja. Mpiga kura anayelijua hilo humpenda mgombea binafsi mwezi wa sita, na mwezi wa kumi na moja anarudi nyumbani.

Wanaofanikiwa ni wachache na huwa na pa kuegemea. Maseneta Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine hawana chama, lakini wanakaa upande wa Democratic katika hesabu za Seneti, baraza la juu la Bunge lao. Na kule mbunge akihama chama hapotezi kiti. Mei 2001 seneta Jim Jeffords wa Vermont aliacha Republican, akajiita huru, na kwa hatua ya mtu mmoja uongozi wa Seneti ukaenda Democratic. Hapa kwetu angerudi kwao siku hiyo hiyo na uchaguzi mdogo ukaitishwa.

Usiku wenyewe

Novemba saa za mashariki ya Marekani ziko nyuma yetu kwa saa nane. Kupiga kura ni Jumanne yao. Kazi yako inaanza usiku wa kuamkia Jumatano. Lala baada ya isha. Amka saa 9 usiku, vituo vya Georgia vinafungwa. Saa 10 alfajiri ni Pennsylvania na sehemu kubwa ya Michigan. Saa 11, Wisconsin na Arizona. California inafunga saa 1 asubuhi, na huko kuhesabu huchukua siku nyingi, kwa hiyo usiisubiri kabla ya kwenda ghalani. Novemba ni msimu, minada haingoji. Weka betri mpya kwenye redio, usitegemee umeme.

Kwenye daftari chora safu tatu kwa kila jimbo. Ya kwanza, chama kilichoshinda urais 2024. Ya pili, kilichoshinda useneta au ugavana safari hii. Ya tatu, tofauti ya kura kwa tarakimu, si kwa asilimia. Usiweke safu ya "huru". Itakuja siku mbili baadaye na mahojiano, na utaisoma kwa utulivu baada ya kukata.

Pale safu ya kwanza na ya pili zinapokataa kufanana, weka duara. Hapo ndipo penye watu waliogawanya karatasi, urais chama hiki, kiti kingine chama kile, na wamekuwa adimu. Kwa useneta peke yake, mwaka 2016 hapakuwa na duara hata moja: kila jimbo lililochagua seneta lilimchagua wa chama kile kile lililompa urais. Mwaka 2020 lilikuwepo moja, Maine, kwa Susan Collins. Mwaka 2024 nilichora manne: Arizona, Nevada, Wisconsin na Michigan, yote yakimpa Trump urais na Democratic useneta.

Ukurasa wa Michigan ndio mpwa wangu aliukalia muda mrefu. Nimeandika: Trump kashinda kwa kura kama elfu 80, chini yake, Elissa Slotkin wa Democratic kashinda useneta kwa kura kama elfu 19. Akaniuliza hao waliofanya hivyo ni wasiojitaja? Nikamwambia wengine ndiyo, wengine ni Republican wa jina kamili walioamua kwa mtu, na wengine walitia alama ya urais tu, sehemu ya useneta wakaiacha tupu. Kura iliyoachwa tupu haihami upande, lakini inasogeza mzani.

Akachukua kalamu, akaongeza safu ya nne pembeni: "walioacha tupu". Mimi sikuwahi kuiweka. Novemba hii tutaijaza.